Maneno mafupi ya Kiingereza yanayoshinda Scrabble, na maana zake

Mtu anayezungumza Kiingereza kwa ufasaha hufungwa mara nyingi kwenye Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vipande vya herufi vyenye alama, na mwenzake mwenye Kiingereza cha kawaida tu, ilimradi huyo mwenzake anazijua AA, QI, XU na CWM. Si ajabu. Ubao una miraba 225, vipande vya herufi ni 100, na kila neno jipya lazima liguse yaliyokwisha kuwekwa. Maneno marefu ndiyo yanayopigiwa makofi, lakini mafupi ndiyo yanayoyapatia pa kukaa, na ndiyo yanayokutua mzigo wa Q au wa U tatu kabla haujakuzamisha.

Wengi huyakariri maneno haya kavu, bila maana. Inawezekana kufika mbali hivyo: Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 ilhali hazungumzi Kifaransa. Lakini kichwa kama chake ni nadra mno. Kwa mchezaji wa kawaida neno lenye maana hukaa, lisilo na maana huvuja. Tena maana ina kazi ya pili ambayo wengi hawaitumii: inakuambia kama neno litabeba S mwishoni. Jina la kitu kinachohesabika karibu kila mara hubeba S. Neno ambalo tayari ni wingi halibebi, wala kiunganishi, wala sauti nyingi za mshangao. Ukijua neno ni nini, hukisii.

Kubalianeni orodha kabla ya kuchota herufi

Ziko orodha mbili kubwa. Moja ni Collins Scrabble Words, inayotumika katika mashindano ya dunia na sehemu kubwa ya Afrika, Kenya, Uganda na Nigeria zikiwemo. Nyingine ni ile ya Marekani na Kanada. Toleo la Collins la 2019 liliongeza OK, EW na ZE, maneno ya herufi mbili yakafika 127. Orodha ya Marekani inayo 107. Ishirini yanayokubalika kwa Collins tu ni haya: CH, DI, EA, EE, FY, GU, IO, JA, KO, KY, NY, OB, OO, OU, ST, UG, UR, YU, ZE na ZO. Ugomvi mwingi wa mezani unatoka kwenye hayo ishirini, kwa hiyo ukicheza na mtu aliyejifunzia Marekani, muulize mapema. Michezo ya simu nayo ina orodha zake, na neno lililokataliwa kwenye simu linaweza kuwa halali kabisa mezani.

Kubalianeni pia adhabu ya kupinga neno. Katika mashindano ya kimataifa, anayepinga neno halali kwa kawaida hulipa alama chache, mara nyingi 5. Marekani anayepinga kimakosa hupoteza zamu nzima. Tofauti hiyo inabadilisha ujasiri wa kuweka neno usilo na hakika nalo.

Anza na silabi za A

Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati na hatari kwa pamoja hapa. Konsonanti ikifuatwa na A ni umbo tulilolizoea tangu utotoni, na orodha ya Collins inazo nyingi: BA, DA, FA, HA, JA, KA, LA, MA, NA, PA, TA, YA, ZA. Hatari ni kwamba mkono unakwenda wenyewe kwenye WA, SA, RA, GA na VA, na hizo zote hazimo. Vilevile hakuna KU, TU, NI wala VI. Shika hilo mapema, maana KU na TU zinakuja zenyewe ukiwa na haraka.

Maana zake hazihusiani na viambishi vyetu. BA na KA ni roho za mtu katika imani ya Misri ya kale. DA ni kisu kizito cha Burma. FA na LA ni noti za muziki. JA ni ndiyo ya Afrika Kusini. MA na PA ni mama na baba, TA ni asante ya Waingereza, YA ni wewe kwa lugha ya mtaani, NA ni hapana. ZA ni pizza iliyokatwa kichwa, na kwa kuwa Z ni alama 10, ndiyo silabi ya thamani kubwa kuliko zote hapa. Pizza inahesabika, kwa hiyo ZAS ni halali. BAS, DAS, KAS na LAS nazo vivyo hivyo.

Noti za muziki ni kundi linalojifunzika kwa pumzi moja: DO, RE, MI, FA, SO, LA, TI, pamoja na TE, ambayo ni tahajia nyingine ya TI, na UT, jina la kale la DO. Zote ni nomino, zote zinabeba S. Majina ya herufi ni kundi jingine: EF, EL, EM, EN, AR, ES na EX ni herufi za Kiingereza zilizoandikwa kama zinavyotamkwa, MU, NU, PI na XI ni za Kigiriki, PE ni ya Kiebrania. MUS, NUS, XIS na ELS ni halali, ila ES inakuwa ESES.

Mahali S inapokataa

XU ni sarafu ya Vietnam, sehemu ya mia ya dong. Wingi wake ni XU ileile, kwa hiyo usiiongezee S. KY ni ng'ombe kwa Kiskoti, tena ng'ombe wengi, kwa hiyo haibebi S ingawa KYE ni halali. AE ni moja kwa Kiskoti, na moja haina wingi. HM na SH ni sauti tu: hurefushwa kuwa HMM na SHH, lakini hakuna S. Tofauti yake ni AH, OH na UM. Kiingereza kinazitumia pia kama vitenzi, mtu anaweza kusemwa kuwa anafanya hivyo, kwa hiyo AHS, OHS na UMS zinapita.

Halafu kuna wingi wa ajabu. OS ni mfupa, na mifupa ni OSSA. EE ni jicho kwa Kiskoti, macho ni EEN. JO ni mpenzi, wingi JOES. EAU ni maji kwa Kifaransa, EAUX ni halali. LEV ni fedha ya Bulgaria, na wingi wake LEVA ni njia nzuri ya kutumia V. Kumbuka kwamba hakuna neno hata moja la herufi mbili lenye V, na C iko kwenye CH peke yake. Kwa hiyo V ni herufi ya kufungia njia: ukiweka neno lenye V mahali ambapo mpinzani angepita kando yake, umemfungia mlango, na wewe pia umejifungia.

Kutumia S kwa faida ndogo ni upotevu. S ziko 4 tu katika mfuko wa kuchotea herufi. Usiitumie S kugeuza AA kuwa AAS kwa alama tatu. Itunze ifungue neno refu la mpinzani huku wewe ukishuka wima na neno lako.

Kulaza neno kando ya jingine

Hapa ndipo maneno mafupi yanapolipa, na inafaa kuutazama mfano mmoja kwa karibu.

Tuseme PLANE limelala kwenye safu ya tano, kuanzia nguzo ya nne hadi ya nane. Kibaoni mwako unayo O, X, E, N na herufi nyingine. Mchezaji mgeni atatafuta pa kupitisha OXEN wima, apate alama 11 au zaidi kidogo. Mzoefu ataliweka chini ya PLANE moja kwa moja, O chini ya L, X chini ya A, E chini ya N, N chini ya E. Soma wima: LO, AX, NE, EN. Yote manne ni halali. LO ni tazama kwa Kiingereza cha kale, AX ni shoka, NE ni neno la kale la kukanusha, EN ni kipimo cha wapiga chapa.

Hesabu bila mraba wowote wa ziada: OXEN 11, LO 2, AX 9, NE 2, EN 2. Jumla 26. Lakini katika mpangilio huo X imekaa kwenye safu ya sita, nguzo ya sita, na mraba huo ni wa herufi mara tatu. X inakuwa 24 badala ya 8, na inahesabiwa mara mbili kwa sababu iko kwenye maneno mawili. OXEN inakuwa 27, AX inakuwa 25, jumla inaruka hadi 58. Hata kama ungekuwa na O na X tu, OX, LO na AX zingekupa 25, 2 na 25, yaani 52 kwa vipande viwili.

Kanuni inayotoka hapo ni ya kuandika mahali pa kuonekana: herufi nzito iwekwe kwenye mraba wa rangi pale tu inapohesabiwa kwa pande zote mbili. QI kwa mlalo na QI kwa wima, Q ikiwa juu ya mraba wa herufi mara tatu, ni 31 mara mbili, alama 62, na umetumia vipande viwili tu kwa sababu I moja ilikuwa ubaoni tayari.

Kosa la kawaida katika kulaza neno ni kuangalia neno lako na kusahau jozi moja ya wima. Usome kila jozi kwa kuigusa kwa kidole kabla ya kuachia vipande. Jozi nne zikiwa sahihi na moja ikiwa mbovu, ukipingwa unaondoa zote na alama zote.

Q bila U, na msamiati uliokwisha kuwa nao

U ziko 4 tu, kwa hiyo kusubiri U ili utoe Q ni kucheza bahati nasibu. Vitabu vya Kiingereza huwapa wasomaji maneno ya Q bila U kama vitu vya ajabu visivyokumbukika. Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuyaogopa, kwa sababu mengi yametoka Kiarabu, na Kiswahili kilichukua yaleyale.

QADI ni kadhi, alama 14. TALAQ ni talaka, 14. QIBLA ni kibla, 16. FAQIR ni fakiri, 17. WAQF ni wakfu, 19 kwa herufi nne. NIQAB, vazi la kufunika uso, ni 16, na BURQA pia 16. Hilo la mwisho lina U lakini si baada ya Q. SUQ ni soko, 12. QAT ni miraa, mirungi kwa wengine, 12, na ukikosa Q bado unaweza kuliandika KAT au KHAT. Ongeza QAID, ambaye ni kiongozi wa eneo, na hapo una silaha ya kutosha kuanzia. Yote yanabeba S: QADIS, TALAQS, SUQS, QATS.

QI yenyewe ni nguvu ya uhai katika falsafa ya Kichina, na huandikwa pia KI au CHI. QIS ni halali. Ndiyo inayotumika kuliko maneno yote ya Q.

Chanzo hichohicho kinasaidia kwenye J na Z. HAJ ni hija, 13. HAJI ni aliyehiji, 14. HAJJ ni halali lakini J ni moja tu mfukoni, kwa hiyo ya pili lazima iwe kipande kitupu, yaani kile kisicho na herufi kinachosimama badala ya herufi yoyote. AZAN ni adhana, 13. ZAKAT ni zaka, 18. Z inaingia pia kwenye familia ya mnyama mmoja wa Tibet, chotara wa ng'ombe na yaki: ZO, ZHO, DZO, DSO, DZHO. Tahajia tano, mnyama mmoja, na zote zinabeba S.

Vokali zikijaa, na zikikosekana

Ukishika A, I, E, U, O na konsonanti mbili, usikimbilie kubadilisha herufi. AI ni mnyama wa Amerika ya Kusini na ya Kati mwenye kucha tatu, anayetembea polepole mno, AIS hupita. AIA ni yaya, OE ni kimbunga cha visiwa vya Faroe, EA ni mto. OUD ni udi wa wapiga taarabu. EUOI ni kilio cha furaha cha wafuasi wa Bacchus, mungu wa mvinyo wa Warumi wa kale, na kinamaliza vokali nne kwa mkupuo.

U ndiyo mzigo mbaya zaidi zikiwa mbili. UTU iko kwenye orodha, ila si utu wetu: ni neno la Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa New Zealand, la malipo au kisasi. UMU ni tanuri ya Kimaori, ULU ni kisu cha Inuit, watu wa nchi za barafu za kaskazini. Kwa I mbili, IWI ni kabila kwa Kimaori.

Konsonanti tupu zikikubana, tafuta CWM, bonde la milimani kwa lugha ya Wales, alama 10, wingi CWMS. NTH ni ya mara isiyohesabika na haibebi S. PST na PSST ni sauti za kuita mtu chinichini, BRR ni ya baridi, GRR ni ya kunguruma kwa hasira. TSK ni kufyonza, na kwa kuwa ni kitenzi, TSKS ni sawa. Wenye V wakumbuke VOE, ghuba ndogo ya visiwa vya Shetland. VUG, tundu ndani ya mwamba. Na UVA, zabibu.

Maneno yetu yaliyomo kwenye orodha

Collins inayakubali maneno kadhaa ya Kiswahili yaliyoingia Kiingereza cha Afrika Mashariki. MZEE ni alama 15, na Z inayotoka namna hiyo mpinzani wa ughaibuni huwa haitegemei. DUKA ni 9. UHURU humaliza U tatu kwa alama 8. UGALI humaliza vokali tatu. KANGA, BOMA, PANGA, SHAMBA, NGOMA, SIMBA, MATATU na ASKARI zote zimo.

Mtego ni wingi. Kiingereza kimeyachukua maneno, hakikuchukua ngeli zake. Wingi wa DUKA ni DUKAS, na MADUKA itakataliwa. BOMAS, PANGAS, SHAMBAS, MATATUS. Mchezaji wa Kiswahili lazima ajizuie hapa, kwa sababu ulimi utamvuta kwenye ngeli.

Namna ya kuyaingiza kichwani

Usifuate alfabeti. Anza na yenye herufi nzito, ambayo kwa Collins ni kumi na moja tu: JA, JO, QI, AX, EX, OX, XI, XU, ZA, ZE, ZO. Hayo ni kazi ya siku moja. Kisha silabi za A, kisha noti na majina ya herufi, kisha yaliyobaki. Zaidi ya thelathini unayajua tayari kwa Kiingereza cha kila siku, kama AT, BY, GO na WE. Yaondoe kwenye rundo usipoteze muda.

Kata kadi ndogo. Upande mmoja andika neno. Upande wa pili andika vitu vitatu: maana kwa Kiswahili, kama linabeba S, na herufi zinazoweza kukaa mbele yake. Kadi ya KA, kwa mfano, itasomeka: roho ya Misri, KAS ndiyo, mbele A, O na S, yaani AKA, OKA na SKA. Kadi ya AX itakuwa na safu ndefu mbele, zikiwemo F, L, M, P, R, S, T, W na Z. Hicho kitu cha tatu ndicho kinachorukwa na wengi, na ndicho kinachokufanya uone kwamba AX iliyokaa ubaoni inaweza kuwa FAX au WAX ya neno lako jingine.

Kadi kumi kwa siku zinatosha. Uliyoipata irudie baada ya siku moja, kisha tatu, kisha wiki. Uliyoikosa irudi mwanzo. Anayetumia kompyuta anaweza kutumia programu ya Zyzzyva, inayopanga marudio yenyewe na kuhakiki neno kwa orodha unayoichagua. Usijaribu herufi tatu zote kwa pamoja, maana zimezidi elfu moja; chukua kwanza zile zinazozaliwa na herufi mbili ulizokwisha kuzishika.

Na ukiwa mezani, hesabu kinachobaki mfukoni. Vipande vikishuka chini ya 7 huruhusiwi tena kubadilisha herufi, na Q ikikufia mkononi inakukata alama 10 huku mpinzani akiongezewa 10, yaani pengo la 20. Kwa hiyo mfuko ukikaribia vipande 7 fanya uamuzi: angalia kama kuna I iliyo wazi ubaoni yenye mraba mtupu mbele yake, hesabu I ngapi kati ya 9 hazijaonekana, na kama huoni njia ya QI, QAT wala SUQ, irudishe Q mfukoni zamu hiyohiyo.